Lita Ishirini na Moja

Baba,

Mtu akipita makaburini huwatolea salamu walioko huko, nami nimefanya hivyo kila Ijumaa tangu ututoke. Lakini hili la leo siwezi kulisema pale, nimesimama juani na watu wanapita. Kwa hivyo nakuandikia. Assalaam alaykum, baba yangu.

Mama ametoka eda wiki iliyopita. Alikaa siku zake zote hapa nyumbani Al Amerat, hakulalamika hata mara moja, na chumbani kwenu hakubadilisha kitu. Tasbihi yako bado inaning'inia kwenye kabati. Wajukuu wako wameacha kuuliza unarudi lini, na hilo limeniumiza kuliko walipokuwa wakiuliza.

Nataka kukwambia habari ya gari.

Unanijua mimi mtu wa hesabu. Ulizowea kunitania kwamba hata chumvi ya mchuzini ningeipima kwa rula. Basi lile gari lako jeusi, refu kama sebule, ulilojinunulia ulipostaafu, lilinikosesha raha. Kitabu chake kinasema injini ile ya silinda nane inatumia lita kumi na kitu kwa kilomita mia. Dashibodi yako ilisoma ishirini na moja. Na safari zenyewe ni msikitini, sokoni, na kwa dada kule Ansab mara moja kwa wiki! Nilimwita fundi, akatazama plagi, akatazama pampu, akachutama kukagua chini kama kunavuja, akasema gari ni zima. Nikabadilisha chujio la hewa, nikajaza matairi upepo. Ishirini na moja vile vile. Kuuliza si ujinga, ila mimi niliuliza kila mtu isipokuwa wewe.

Halafu nikakujia na shauri langu baada ya chakula cha mchana, watu wote wamekaa. Wewe uchukue kigari changu, mimi nichukue lako, kwa kuwa navuka mlima kila siku kwenda kazini Al Khuwair, na gari zito likipata barabara ndefu hunywa kidogo. Nilizungumza kama ninayesoma ripoti wizarani. Ulizichezea funguo, kisha ukasema, "Lichukue, baba. Mimi na mama yako tutazowea."

Nilidhani unasema kuzowea gari dogo.

Siku ile ile nilibonyeza kitufe nikafuta hesabu yako, nianze yangu safi. Baada ya wiki mbili nikakuita uje uone: kumi nukta moja. Nikakwambia, Mama akisikia, kwamba gari halikuwa na kosa, kosa lilikuwa kwa dereva. Ulicheka. Mama hakucheka, nami sikumtazama mara mbili.

Miezi miwili baadaye ulisujudu adhuhuri, hukuinuka tena.

Katikati ya eda nilimpelekea Mama dawa zake, nikamwambia nafikiri kuliuza gari, maana siwezi tena kukaa kwenye kiti kile. Akaniomba nisiuze. Nikamuuliza atalifanyia nini na yeye haendeshi. Aliutazama mlango kwanza, kama umefungwa, ndipo akanijibu kwa Kiswahili.

"Humo ndimo tulimokuwa tukizungumza mimi na baba yako. Ndani ya nyumba ni Kiarabu. Tungezungumzia wapi?"

Baba, sheria ile uliiweka mwenyewe, siku nilipomleta mke wangu kutoka Nizwa. Hajui Kiswahili, ulisema, basi kisisemwe mbele yake, asije akadhani anasengenywa katika nyumba yake. Mke wangu anakusifu kwa hilo mpaka leo. Mimi niliishika sheria na nikaionea fahari, nisijiulize hata siku moja nyinyi wawili mmeyapeleka wapi maneno yenu ya miaka yote ile. Kumbe mmeyapeleka garini. Pale pale uani, baada ya alasiri, injini inanguruma na AC inapuliza kwa joto hili letu, mpaka adhana ya magharibi. Niliwaona mara nyingi kupitia dirishani. Nilidhani ndiyo kwanza mnarudi, au mnataka kutoka. Saa nzima petroli inakwenda na kilomita hazisogei. Fundi gani angeliona kosa hilo?

Mama anasema mlijaribu mara mbili katika kigari changu. Kikisimama kinapuliza moto, na magoti yako yalikuwa yakigonga usukani. Basi mkarudi ndani, mkakaa mbele ya televisheni pamoja na sisi, mkawa na adabu. Hiyo ndiyo ilikuwa miezi yenu ya mwisho, na mimi ndiye niliyeichukua, kwa ajili ya lita kumi na moja. Nisamehe, Baba. Sijui hata kama naruhusiwa kuomba. Mke wangu nilipomweleza alilia, akasema lau mtu angemwambia, angejifunza.

Siku ya pili baada ya eda kwisha, nililirudisha gari pale ulipokuwa ukiliweka, kwenye kivuli cha ukuta, na kazini nikarudi kwenda na kigari changu. Nilimfungulia Mama mlango wa upande wake. Alikuwa amejifukiza udi, mara ya kwanza tangu uondoke. Nikawasha injini, nikafungua AC, nikakaa kwenye kiti chako. Nilikuwa nimeshajitayarishia mazungumzo: habari za Unguja mlikotoka, habari za dada, chochote cha Kiswahili. Sasa mimi ndiye nitakayezungumza naye, nilijiambia.

Mama alinitazama kwa huruma.

"Ahsante, mwanangu," akasema. "Sasa tupishe."

Nikashuka, nikafunga mlango taratibu. Kutoka dirisha la jikoni nilimwona anasema, ananyamaza kidogo, kisha anasema tena na mkono juu, kama anavyofanya akibishana na wewe. Kila alasiri sasa yumo humo.

Leo asubuhi dashibodi imesoma kumi nukta mbili. Nimekaa naitazama nukta ile mpaka nikachelewa kazini. Nakuahidi sitaifuta tena, wala sitamuuliza Mama anakwambia nini. Kila siku nitahakikisha petroli ipo kabla ya alasiri.

Kwaheri, Baba. Inshallah ikifika ishirini na moja, nitakuja mwenyewe pale kaburini kukwambia.

Mwanao