Mwizi Wangu Hataki Kufa

Mshauri mwanangu, marahaba, maana najua utaniamkia. Naomba msaada, wala usicheke. Mimi shule niliishia la nne lakini hakuna wa kunichezea akili, na kila Jumamosi mchana mjukuu wangu nesi huja kwangu na rafiki zake wawili, kinyozi na fundi viatu, tunacheza mchezo wa kusimulia, yeye ndiye msimulizi, sisi kila mmoja ana mtu wake anayemwigiza, ukitaka kuruka shimo au kupigana na zimwi inatupwa dadu, na dadu ndiyo inayosema umepona au umekwisha. Mimi ni mwizi wa funguo, na nikuambie, hakuna kufuli lililonishinda, tunacheka mpaka jirani anagonga ukuta.

Sasa majuzi dadu ya shujaa wa kinyozi ilitoka moja, na moja ndiyo kifo, akafa, mwanamume mzima akatoka nje kufuta macho. Jumamosi iliyofuata mwizi wangu akateleza juu ya ukuta wa ngome, mjukuu akatupa dadu nyuma ya kifuniko cha boksi la viatu, ndiko anakozitupia zake, akasema, "Umeponea chupuchupu, Bibi!" nami nilikuwa nimesimama nyuma yake na birika la chai, nikaiona, moja, kavu, inanitazama. Nikamimina chai. Wakati wa kuondoka nikamsikia kinyozi mlangoni ananong'ona, "Wangu umemuua bila huruma, wa Bibi mbona hafi?" Mjukuu akamjibu, "Akifa Bibi akasusa, Jumamosi atakaa na nani?"

Mimi! Wa kuonewa huruma! Na huyo binti nimemfundisha mimi kufunga kamba za viatu! Mchezo naupenda, mshauri, wiki nzima naingoja siku hiyo, lakini sitaki kuwa mgonjwa wa kutembelewa, kwa hiyo nimepanga kuwaambia macho yamechoka, sioni tena nukta za dadu, niuache na heshima yangu kabla hawajauacha wao. Nifanye hivyo, au?

Mwizi wa Funguo

JIBU

Bibi, shikamoo, ingawa marahaba umeitanguliza. Pole. Kuhurumiwa na mtoto uliyembeba mgongoni kunauma.

Lakini nikuseme kidogo. Mjukuu kakosea, nawe ulimwona, ukamimina chai. Sasa unataka kulipa uongo wake kwa uongo wako. Na hilo la macho liache kabisa: macho yaliyoisoma dadu kutoka nyuma ya mtu hayajachoka.

Kinyozi hakulalamika kuja kwako. Alilalamika kwamba wewe hufi. Huyo hakuhurumii, Bibi, anakuonea wivu!

Jumamosi mrudishe mwizi juu ya ukuta uleule, dadu itupwe katikati ya meza, kila mtu akiona. Akipona, umepona kwa haki. Akifa, mlilie kama kinyozi alivyomlilia wake, usisuse, kisha omba mtu mwingine wa kuigiza. Mjukuu akikataa kutupa hadharani, hapo ndipo pa kuuacha mchezo, kwa kumwambia sababu ya kweli, na Jumamosi waje tu kunywa chai.

Ila nawajua mabinti wa siku hizi, wana mkono mwepesi. Kwa hiyo wahi kukaa mezani kabla yake, na hicho kifuniko cha boksi, Bibi, kikalie.