Hodi Kwenye Mlango Wangu

Mke mwenzangu, mjukuu wangu Zawadi,

Pokea salamu zetu za hapa Tanga. Mume wetu, babu yako, hajambo, ila amegombana tena na jirani kuhusu kuku. Shangazi yako kajifungua mtoto wa kike mwenye sauti kama yangu.

Umeniuliza kama nasi, miaka ile ya themanini, tulihangaika kutafuta nyumba huko Stockholm uliko. Tulihangaika, mama. Tuliishi vyumba vya watu, leo Fittja, kesho Tensta, na hata nikiwa na ufunguo mkononi nilipiga hodi kwanza, nisije nikamkuta mwenye nyumba hajajistiri.

Kisha tukapata fleti yetu Hjulsta, jina letu mlangoni. Nikafungua, na kwa mazoea nikaita, "Hodi!" Nikasimama kizingitini, nangoja. Babu yako, godoro kichwani, akacheka: "Unamngoja nani akujibu? Mwenye nyumba si wewe?"

Zawadi, nilivuta pumzi, nikajiitikia mwenyewe: "Karibuuu!" Sauti ikazunguka vyumba vitupu. Mlango wa jirani ukafunguka, akatoka mama mmoja Mganda, kabeba kiti. "Nimesikia karibu," akasema, "nami nimekuja." Akaketi katikati ya sebule, mgeni wetu wa kwanza. Kiti kingine hatukuwa nacho, tukasimama mbele yake tukichekelea kama maharusi.

Basi endelea kutafuta. Siku utakapofungua mlango wako, usiingie kimya kimya. Jikaribishe kwa sauti, nikusikie huku Tanga.

Bibi yako,
Mwanaidi