Kinyesi cha Ndama wa Kariandusi

Jumanne usiku

Sijui nicheke ama nilie. Wiki nzima nimetembea maabara kifua mbele, kwa sababu vimelea vya kuhara kwenye kinyesi cha mtoto wa Mama Wambui na cha ndama wake vilifanana jeni kwa jeni. Nikamwambia bosi tumepata ushahidi: hawa wadudu wanatoka kwa ng'ombe na kuingia kwa watu.

Leo nimerudi Kariandusi kumuuliza Mama Wambui ndama hulala wapi. Akacheka.

"Daktari, huyo ndama siku ile aligoma kabisa kutoa choo. Nikagawa tu choo cha mtoto kwa vile vikopo vyako viwili vya sampuli."

"Sasa mama, mbona hukuniambia?"

"Umetoka Nakuru mpaka hapa. Ningekuachaje urudi mikono mitupu?"

Nilitaka kumfokea. Lakini alikuwa ameshanifungia sukuma wiki kwa gazeti, na chai iko mezani. Unamfokea vipi mtu kama huyo?

Kesho nitamwambia bosi. Atanguruma, na ana haki.

Kinachoninyima usingizi ni zile boma zingine zote nilikochukua sampuli. Kila mahali walinipokea vizuri. Hakuna hata moja iliyowahi kuniacha nirudi mikono mitupu.