Kizito Kuliko Mtoto

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu nikiwa nimekaa kitandani, mto mmoja mgongoni na mwingine tumboni. Habari za huko? Shemeji mguu umepona, au bado anausingizia asifanye kazi? Sisi tunaendelea. Mshono umekauka, isipokuwa pembeni kidogo, na maziwa yanatoka. Mwanao hajambo. Mama mkwe anamwita Bosi, maana akilia tu nyumba nzima inakimbia.

Najua unangoja nikutajie siku ya kuja kumchukua, kama tulivyokubaliana pale msibani, ukae naye mpaka aanze shule kwa kuwa mimi nimebaki peke yangu. Ngoja kwanza nikusimulie.

Tangu nitoke hospitali, siku haziishi wala hazianzi. Nasinzia mchana, nazinduka sijui ni asubuhi au jioni. Chumba unakikumbuka: marehemu mume wangu alipaka buluu kuta tatu, ya nne ikabaki nyeupe. Jua likipenya kwenye pazia, ule ubuluu unacheza kama maji, naona kitanda kinaelea polepole. Wakati mwingine namsikia akipiga mluzi kama alivyozoea akiwa juu ya ngazi, nami nanyamaza nisimkatize. Nakumbuka alivyokuwa akijaribu rangi kiganjani, ananiuliza ipi nzuri, nikijibu anachagua nyingine.

Mtoto naye alikuja kama ndotoni. Nilipasuliwa nikiwa usingizini, na nilipoamka alikuwa ameshavishwa, kama wa mtu mwingine aliyeachwa kwangu. Tukaambiwa nisinyanyue vitu vizito. Mama mkwe, dobi yule, akaichukua amri hiyo akaipiga pasi mpaka ikanyooka: ndoo hapana, sufuria hapana, hata kikombe cha chai ananishikia. Na mtoto hapana. Analetwa kunyonya nikiwa nimelala ubavu, akishiba anaondolewa. Nikinyoosha mikono naambiwa nitulie, mshono ukifumuka yeye hana sindano. Kucheka nako kapiga marufuku, na mchekeshaji ni yeye mwenyewe. Basi nikajiambia afadhali, siku utakapokuja sitaumia sana.

Juzi tulirudi hospitali kusafishwa kidonda. Muuguzi aliponiona mikono mitupu, mama mkwe kambeba mtoto, akauliza kama na mikono ilipasuliwa. Mama mkwe akajitetea kwamba tunafuata maagizo. Muuguzi akasema maagizo yalikuwa nisinyanyue kitu kizito kuliko mtoto. Mtoto mwenyewe ndiye kipimo. Mama mkwe akaguna, akasema wauguzi wa siku hizi wanaficha neno la maana mwishoni. Nilicheka huku nimeshika tumbo, machozi yananitoka kwa maumivu. Sikuwa nimecheka tangu tumzike mume wangu.

Halafu nikampokea mtoto. Dada, ni mzito! Nilitembea naye kwenye ule ujia mrefu, nimejikunja kama bibi, watu wakitupisha. Joto lake likanipenya kifuani. Akafungua jicho moja, akanitazama kama mtu anayeulizia bei, akalala tena.

Dada, siwezi kukupa. Pale msibani nilikubali kwa sababu sikuwa na kitu ndani yangu cha kukatalia. Sasa ninacho. Najua umeshamshonea nguo, na najua umemsubiri mtoto miaka mingi kuliko mimi. Nikasirikie ukitaka, ila usininunie moja kwa moja. Mama mkwe nimeshamwambia. Aligeuza nepi aliyokuwa akiinyoosha, akasema vizuri, alikuwa ameanza kutafuta namna ya kukufungia mlango.

Lakini wewe njoo. Njoo na nguo za kushinda nyumbani, si za safari ya siku moja. Nataka akujue kwa sauti kabla hajaijua sura yako. Mchana atakuwa wako kutwa nzima, umwogeshe, umwimbie, umdekeze utakavyo. Usiku alale kwangu.

Msalimie shemeji, na majirani wote wanaoniulizia.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Kitindamimba wenu