Waziri Aliyesugua Sufuria

Mjukuu wangu Zuhura,

Shikamoo yako nimeipokea. Nina miaka ishirini na mitatu, ila kwa ukoo mimi ni babu yako, utake usitake! Huku Johannesburg tu wazima. Unauliza utarudije shule baada ya kushindwa uchaguzi wa kiranja mkuu.

Ramadhani iliyopita, tulipomaliza kufuturu msikitini Mayfair, nilimfokea mgeni mmoja kutoka Malaysia aliyekuwa akitusaidia kuosha vyombo: "Mzee, sufuria ina ukoko bado, sugua!" Akasugua. Imamu akaninong'oneza kwamba yule alikuwa waziri kwao, kura zikamwangusha. Eish! Nikamkimbilia kumwomba radhi. Mzee akacheka: "Nilipokuwa waziri, hakuna aliyethubutu kuniambia nimekosea. Lete nyingine."

Mpaka leo aibu haijanitoka. Jumatatu nenda shule. Atakayekucheka, mwambie babu yako humfokea hata waziri.

Babu yako kijana,
Hamisi