Ng'ombe wa Baba Paulo

Dada Mwanaisha,

Moroni hamjambo? Mimi mzima, ila baridi ya Hanang huku bara imenipasua midomo na kichwa kimevurugika.

Si nimekuja Katesh kutafuta ng'ombe wa kuleta nyumbani, maana nyama huko tunaisikia tu? Mzee mmoja, Baba Paulo, ana kumi na mmoja zizini. Nikampa shikamoo, akanipa maziwa ya mgando, nikachagua.

"Huyo si wangu," akasema. "Ni wa shemeji. Mimi namlisha na kunywa maziwa."

Na yule? Wa jirani. Wote ni wa watu! Ng'ombe wake mwenyewe wawili wako kijiji cha Hirbadaw, kwa rafiki. "Ugonjwa ukiingia hapa, wangu wako salama kule. Na huyo rafiki hawezi kunitupa."

Nikafikiria kwetu. Sisi visiwani meli tumepewa na wakubwa hawa wa dunia, hospitali na wale, na wakigombana hatujui tumsalimie nani kwanza. Chetu kilichoko kwao ni kipi? Nikawakumbuka wanao wawili, wanaofanya kazi huko Ufaransa. Sasa dada, maziwa anakunywa nani?

Wapigie leo. Waambie mama mdogo anawapenda.

Mdogo wako,
Rukia