Lumbesa Sita Nyuma ya Mlango Wangu

Alhamisi, Uyole. Mvua haijakatika tangu Jumatatu, na ukungu umelalia migomba.

Ninaogopa. Niliseme hilo kwanza, nisije nikazungukazunguka.

Mimi shule sikukanyaga. Herufi nilizipata kwenye kisomo cha watu wazima, mtoto mgongoni. Ukurasa huu wa mtandaoni alinifungulia mjukuu wangu Neema, anayesoma mambo ya uchumi chuoni. Kwa hiyo na yeye atayaona haya. Ayaone.

Jumapili alinipigia simu. "Bibi, wewe umeishi pande zote mbili. Ujamaa na ubepari, upi afadhali?" Wana mjadala darasani. Nikamwambia, we mtoto, uliza kwanza kama nimekula. "Umekula, bibi?" Nimekula viazi. "Viazi tena?" Viazi, mama, mpaka vitakapooza, maana havina mnunuzi.

Havina mnunuzi kwa sababu yangu.

Tuko wanawake kumi na wawili hapa mtaani, tunalima viazi. Wanunuzi wanataka lumbesa. Lumbesa ni gunia lililojaa, halafu likashonewa kilima kingine juu, kama mtu aliyembeba mwenzake mabegani, na bado linahesabiwa gunia moja. Mwaka huu nikasema basi. Mimi ndiye mwenyekiti wa kikundi. Nikawaapisha wote, mkono juu: hakuna lumbesa, tunauza pamoja, tunauza kwa mizani, na gunia halishonwi kabla halijapimwa. Wanunuzi wakatutazama, wakapanda malori yao, wakaenda kwingine.

Hii ni wiki ya tatu. Viazi vinatoa macho. Vya chini ya rundo vimeanza kunuka.

Jana asubuhi akaja dalali jikoni kwangu, peke yake, na koti lake la mvua.

"Shikamoo, mama mwenyekiti."

"Marahaba. Umekuja na mizani?"

"Mizani inaliwa, mama? Nimekuja na magunia." Akakaa kwenye kigoda changu bila kukaribishwa. "Viazi havijui vikao. Nipe lumbesa sita. Ijumaa alfajiri lori linapita huku nyuma, njia ya mashambani. Nani atajua?"

Ningemfukuza. Nimeshafukuza wanaume wenye maneno kuliko yeye, mmoja nimezaa naye. Lakini nikalitazama rundo langu. Mbegu ya msimu ujao imo humo. Mwaka wangu wote umo humo. Nikasikia mdomo wangu mwenyewe unasema, acha magunia.

Leo nimeshona tangu asubuhi, mlango nimeukomea.

Mkono ukishona, akili hutembea. Yangu ilikwenda Iringa nilikozaliwa, siku tuliyohamishiwa kijiji cha ujamaa. Bibi yangu alikalia kinu chake akakataa kupanda lori. Wakambeba yeye na kinu. Nadhani hofu yangu ya malori ilianzia pale.

Sitakudanganya, Neema, jema lilikuwepo. Herufi hizi unazozisoma ni za wakati ule. Uzazi uliponishinda, watu wanane walinibeba kwenye machela hadi zahanati, na hakuna aliyeniuliza nina nini mfukoni.

Lakini shamba la kijiji tulililima kwa ncha ya jembe. Rimu ya gari ikigongwa tunakwenda, msimamizi akigeuka tunaegemea mipini. Mimi pia. Mimi hasa. Nguvu zangu nilizimalizia alfajiri kwenye kishamba changu cha maharage kule bondeni, la kijiji nikilifikia nimeshachoka. Kila mtu alidhani ni yeye peke yake anayetegea. Msimu ulipoisha, magugu yalikuwa marefu kuliko mahindi, tukakaa kitako tukaulaani mpango. Mpango ulikuwa na makosa yake, siutetei. Ila mkono uliokuwa juu ya mpini ule ni huu ninaoandikia.

Siku hizi shamba ni langu, jembe langu, uchovu wangu. Gunia tu ndilo la mnunuzi. Na gunia ndilo linalosema mwisho nimevuna kiasi gani.

Saa kumi nilikuwa nimefunga fundo la gunia la sita nikasikia hodi. Mama Atu, jirani yangu, katibu wa kikundi, mjane kama mimi. Nikayafunika magunia kwa blanketi, nikafungua mlango nusu.

"Dada, unaumwa? Umejifungia mchana wote."

"Baridi."

"Baridi ya Uyole umeijua leo?" Akacheka, lakini macho yalikuwa kwenye miguu yangu. "Niazime shazia yako, dada. Nitairudisha kesho."

Nikampa. Akaifunga kwenye pindo la kanga, akaondoka haraka, akapita nyuma ya nyumba badala ya njiani.

Nilikuwa nimeshakaa ndipo nilipong'amua. Shazia ni sindano ya magunia. Huwezi kushonea sare ya mtoto wala shuka. Na magunia hatujaanza kupima.

Dalali alikaa kwenye vigoda vya jikoni ngapi jana?

Hilo ndilo linalonitisha. Kuumbuliwa nitakuzoea, uso wangu ni mgumu. Lakini naiona alfajiri ya kesho: wanawake kumi na wawili, kila mmoja ametokea mlango wake wa nyuma, tunakutana kwenye lori moja. Na yule bwana anacheka ndani ya koti lake, maana hatatuogopa tena maisha.

Umeniuliza upi afadhali, mjukuu wangu. Sijui. Kule niliwaibia wenzangu nikiwa nimesimama katikati yao. Huku nawaibia nikiwa nimekomea mlango. Hao walimu wako wakikupa jina la ugonjwa huo, nitumie.

Bado kuna mwanga kidogo. Nimechukua kisu nikakata mshono wa gunia moja, viazi vimebingirika mpaka uvunguni. Matano bado yamesimama ukutani, yananitazama kama wakwe. Mkono umekataa kuyagusa. Mwaka mzima huo, jamani.

Navaa mabuti. Nakwenda kwa mama Atu kudai shazia yangu, na nitaanza kwa kumwambia mimi niliishonea nini. Akinitukana, ni haki yake. Akinyamaza, nitamshika mkono twende wote kwa mwenzetu wa tatu.

Na wanunuzi wasiporudi kabisa? Na viazi vikioza vyote?

Naondoa komeo la mlango.

Kisu nakwenda nacho. Huenda mishono ikawa mingi.